Walipogonga Masufuria Asubuhi ya Walima



Leo hatuandiki juu ya singo, hina wala mishono ya msimu. Tunaandika juu ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe, watu wazima, wenye kusali na kufunga, tena katika harusi ya mwenzetu. Tumelinyamazia kwa muda, na kila tukinyamaza tunasikia mwanamke mwingine akilirudia: amekwenda fungate au harusini, amekuta wahudumu wamegoma, na hasira zake zote amewamwagia wao. "Wameniharibia siku yangu." Maneno hayo tumeyasema hata sisi, na tunajua yalimgharimu nani.

Septemba 2024, katika Mfunguo Sita, mwenzetu mmoja aliolewa Ikola. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia jina hilo. Ikola iko mkoa wa Katavi, wilaya ya Tanganyika, ukingoni kabisa mwa ziwa, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Ukitoka Unguja unavuka kwenda Dar es Salaam, unapanda basi hadi Mpanda, kisha unakodi gari kwa zaidi ya kilomita 100 za vumbi. Ukifika unakuta ufukwe, mitumbwi, dagaa waliotandazwa juani, na maji baridi yasiyo na chumvi mpaka macho yanapokoma. Mtu wa kisiwani akifika pale anajiona kama yuko kwao na ugenini kwa wakati mmoja.

Tulikuwa wanawake 11. Upande wa bwana harusi walitutafutia gesti, tukachukua vyumba 6 kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, na tukalipa zote mkononi mwa mwenye nyumba kabla hatujafungua mabegi. Wahudumu walikuwa wanawake wanne. Walitupokea vizuri. Walituchotea maji, wakatuchemshia ya kuogea, wakatupikia migebuka ya kukaanga, na usiku walikesha wakitupigia pasi nguo za Ijumaa. Ijumaa nikaha ikafungwa msikitini, alhamdulillah. Walima ilikuwa Jumamosi mchana.

Jumamosi, baada tu ya sala ya alfajiri, tukasikia masufuria.

Wale wanawake wanne walikuwa wamekaa chini ya mwembe uani, wanagonga masufuria na makarai kwa miiko. Hakuna maji yaliyochotwa, jiko halijawashwa, funguo za stoo wanazo wao. Tulipouliza, mkubwa wao akatujibu kwa adabu: "Shikamooni mama zangu. Tunaomba radhi. Mwezi wa tatu huu hatujalipwa. Leo hatufanyi kazi mpaka tajiri aje."

Sasa tuseme tulichokifanya. Hatukuuliza wanadai kiasi gani, wala watoto wao wamekula nini. Mmoja wetu alisema, "Hawana haya, siku ya harusi ya mtu!" Mwengine akasema mafundi wa kupamba wanafika saa tatu na yeye hajaoga. Na mmoja, ambaye leo amekubali tuyaandike haya, alimpigia simu mwenye nyumba akamwambia: "Njoo uwaondoe watu wako hawa. Hasa huyo binti mdogo, ndiye anayegonga kuliko wote."

Mwenye nyumba alifika mchana kwa pikipiki. Akawalipa mshahara wa mwezi mmoja kati ya mitatu, jiko likawashwa, walima ikachelewa kidogo, tukala, tukapiga picha ziwani. Jumatatu tukaondoka. Jumanne yule binti mdogo akafukuzwa kazi. Aliambiwa: wageni wamekulalamikia.

Habari hii tuliipata kwa bibi harusi wetu, wiki ya sita tangu turudi nyumbani.

Kwa nini siku ya walima?

Hili ndilo swali tulilokuwa tukilirudia njia nzima: mbona wasingechagua siku nyingine?

Jibu alilitoa yule mkubwa wao palepale, ila hatukuwa na masikio. Alisema: "Nyinyi Jumatatu mnaondoka. Mkishaondoka nani atatusikiliza?"

Fikirini, dada zetu. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka ule, ili samaki wapate kuzaana. Ufukweni kote biashara ilikwenda na samaki: wachuuzi wa dagaa hawaji, madereva hawalali, gesti ziko tupu. Miezi ile mitatu mwenye nyumba aliwaambia wahudumu wavumilie, kwa kuwa hakuna wageni. Wakavumilia. Walifagia vyumba vitupu na kulinda mali yake bila shilingi. Hatimaye wageni wakaja, wanawake 11 kutoka kisiwani, na pesa wamelipa mbele. Wahudumu wakasubiri Alhamisi, wakasubiri Ijumaa. Hakuna neno.

Je, wangegoma lini? Katika miezi ya gesti tupu, nani angejua? Mgomo katika nyumba isiyo na mgeni ni watu wanne wamekaa kimya chini ya mti. Mfanyakazi wa hoteli silaha yake ni moja: huduma anayoitoa. Akiizuia wakati hakuna anayeihitaji, hajazuia kitu. Ndiyo maana usumbufu humfikia mgeni. Si kwamba wanamchukia. Ni kwamba mwenye mali huwasikia wageni, na wao hawasikii.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tulikuja, na mwenyeji akapona siku ileile ya Alhamisi tulipomhesabia noti. Wahudumu hawakupona. Na walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumamosi ilikuwa siku yetu ya tatu. Hakuna aliyetupa jembe. Tuliombwa tuvumilie kuchota ndoo zetu wenyewe asubuhi moja, na tukapiga kelele kama tuliofiwa.

Hesabu tusiyoipiga

Tunapenda kusema, "Lakini tumelipa!" Ni kweli, tulilipa. Vyumba 6, siku 4, shilingi 25,000 kwa chumba kwa usiku: jumla shilingi 600,000.

Kila mmoja wa wale wanawake aliahidiwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Wanne ni shilingi 320,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni shilingi 960,000. Maana yake fedha tulizotoa sisi peke yetu zingewalipa wote karibu miezi miwili, na bado mwenye nyumba angebaki na nyumba yake.

Na hata hizo 80,000 zenyewe! Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 250,000 kwa hoteli za kitalii, shilingi 150,000 kwa hoteli za kati, na shilingi 130,000 kwa migahawa, nyumba za wageni na baa. Viwango hivyo vilikaa miaka tisa bila kuguswa, huku bei ya unga, mafuta na nauli ikipanda, hadi amri mpya ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023. Basi mwaka 2024 wanawake wa Ikola walikuwa wanadai mshahara ulio chini ya kile ambacho sheria ilikitaja miaka 11 nyuma. Hawakugoma wakitaka nyongeza. Waligoma wakitaka kile kidogo walichoahidiwa.

Aliyetuharibia asubuhi yetu ni nani, basi? Ni yule aliyeshika sufuria, au ni yule aliyeweka laki sita mfukoni akalala?

Anayedai kwa sauti, dini inamtazamaje?

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, maana sisi ndio tunaowafundisha wengine adabu.

Sote tunayajua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunayataja sana darsani. Sote tumesikia pia kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah (S.W.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hasimu wa huyo hatakuwa mhudumu tu. Atakuwa Mola wa mhudumu. Na tumesoma kwamba aliye na uwezo akichelewesha deni, kuchelewesha kwake ni dhulma.

Hayo yote tunayakubali haraka, kwa kuwa yanamhusu mwenye nyumba. Lakini iko hadithi nyengine katika Bukhari na Muslim ambayo inatuhusu sisi tuliosimama pembeni. Mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kumdai ngamia wake, akamsemesha kwa ukali. Masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume (S.A.W.) akawazuia, akawaambia wamwache, kwa sababu mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Kisha akaamuru alipwe ngamia wa umri uleule. Wakatafuta, hawakupata ila aliye bora zaidi. Akasema mpeni huyo, na akawafundisha kwamba wabora wao ni wale wanaolipa vizuri.

Tuisome tena polepole. Aliyedaiwa ni mbora wa viumbe. Aliyedai alikosa upole mbele ya watu. Na waliokasirika walikuwa watu wema, waliochukizwa na kelele. Mtume (S.A.W.) hakusema kwanza apunguze sauti ndipo tumlipe. Hakusema mbona hakuchagua wakati mzuri. Aliwanyamazisha waliotaka kumnyamazisha mdai.

Na katika Surat An-Nisaa Allah (S.W.) anatufundisha kwamba hapendi maneno mabaya kutangazwa hadharani, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa amefunguliwa mlango. Sisi ni nani tuufunge kwa sababu tumechelewa kupakwa wanja?

Hatusemi mgomo unahalalisha kila kitu. Kuvunja vyombo, kuchukua cha mgeni, kutukana, kumdhuru mtu, hayo ni haramu hata kwa mwenye haki. Lakini tuwe wakweli: kule Ikola hakuna kilichovunjwa, hakuna kilichopotea, na yule mama alianza kwa shikamoo. Kilichotuudhi ni sauti ya sufuria na kukosa chai.

Si Ikola peke yake

Baadhi yetu tulidhani haya ni mambo ya bara, ya watu wasio na ustaarabu wa kupokea wageni. Basi tukumbushane historia ya pwani yetu wenyewe.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, na pamoja nao watumishi wa hoteli na wa majumbani. Mgomo ulikaa siku 12 hivi. Waliozoea kuletewa chai kitandani ikawabidi wajichemshie wenyewe. Nao pia waliona wamefanyiwa utovu wa adabu. Serikali ya kikoloni ilimkamata baadaye mwaka uleule kiongozi wa chama chao, Chege Kibachia, ikampeleka mbali na Mombasa. Lakini ilikuwa imeshaunda baraza la kuamua madai, na ujira ukaongezwa. Mwaka uliofuata, 1948, wachukuzi wa bandari ya Unguja nao waligoma, na mgomo ukaenea mjini. Leo tunawasimulia wajukuu kwa fahari kwamba babu zetu hawakukubali kudharauliwa. Je, yule asiyepata chai siku ile tunamhurumia? Hata hatumkumbuki.

Na kwa wale ambao fungate yao ni Paris, sikieni hili. Julai 2019 wanawake wapatao 20, wasafisha vyumba katika hoteli ya Ibis Batignolles, waliacha kazi. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Afrika. Hawakuajiriwa na hoteli yenyewe bali na kampuni ya wakala, na walitakiwa kusafisha vyumba vitatu na nusu kwa saa moja. Ukimkuta mgeni mchafu, chumba kinakula muda mara mbili, na muda huo wa ziada haulipwi. Wanawake hawa walisimama mlangoni mwa hoteli wakipiga ngoma, wakiimba na kucheza, mchana baada ya mchana, na wageni wakipita na masanduku yao. Walipigania haki hiyo miezi 22. Mei 2021 walipata makubaliano: mishahara iliongezwa, idadi ya vyumba kwa saa ikapunguzwa hadi vitatu, wakapewa na posho ya chakula. Mmoja wao, Rachel Keke, mzaliwa wa Kodivaa, mwaka 2022 alichaguliwa kuingia Bunge la Ufaransa.

Na mwezi uleule wa Septemba 2024 ambao sisi tulikuwa Ikola, wafanyakazi karibu 2,000 wa Hilton Hawaiian Village, mjini Honolulu, waliacha kazi kwa siku 40, katika hoteli ambayo watu huweka akiba ya miaka ili wakae juma moja. Wanawake wanne chini ya mwembe hawakuwa peke yao duniani, ingawa hawakujua.

"Mbona hawakwenda ofisini?"

Hoja hii tumeisikia sana, na ni hoja ya haki, basi tuijibu kwa haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inatambua haki ya kugoma. Lakini ina ngazi zake. Mgogoro unapelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unapewa siku 30 za kusuluhishwa, wafanyakazi wanapiga kura, mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Kuzingira lango kwa makelele hakuruhusiwi. Wanaofuata ngazi hizo hawafukuzwi kwa kugoma. Hatudai kwamba wale wanne walizipanda zote.

Lakini jaribu kuzipanda wewe ukiwa Ikola, hujalipwa miezi mitatu. Makao ya mkoa ni Mpanda, zaidi ya kilomita 100. Nauli ya kwenda na kurudi utaitoa wapi, wakati unachodai ndicho hicho ambacho ungelipia nauli? Nani atakuandikia fomu? Nani atakaa na mtoto? Ukikosa siku mbili kazini, utarudi ukute kazi ipo? Hotelini kuna CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani. Gesti ya wahudumu wanne kwenye kijiji cha ziwani haina mwenyekiti wa tawi.

Na tusisahau nani aliyeanza kuivunja sheria. Sheria hiyohiyo inataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa. Inataka kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na mtu apate saa 24 za mapumziko kila wiki. Mhudumu aliyekesha akitupigia pasi Ijumaa usiku, tulimuuliza saa zake? Mwenye nyumba alivunja sheria kimya kimya kwa siku 90 na hatukuona ubaya, kwa sababu haikufanya kelele. Wanawake waliivunja kwa asubuhi moja, tukataka waondolewe.

Kuhusu yule binti: aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kulalamika mbele ya Tume, kwa fomu namba 1. Sisi tulipata habari wiki ya sita. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu nzuri, lakini nani pale Ikola alimwambia hayo? Sisi tulioyajua tulikuwa tumesharudi Unguja tunagawana picha.

Bibi harusi, mkataba wako na wake

Sasa tunakugeukia wewe unayeolewa msimu huu, kwa sababu wewe kuliko mtu yeyote unapaswa kulielewa jambo hili.

Kumbuka kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat Al-Qasas. Kijana mgeni, mkimbizi, njaa inamuuma, aliwanyweshea wasichana wawili mifugo yao bila kuomba kitu. Mmoja wao ndiye aliyemwambia baba yake amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Aliyefungua mdomo kumtetea mfanyakazi alikuwa mwanamke. Na mzee alipokubali, aliyaweka masharti wazi: miaka minane ya kazi, na ukitimiza kumi ni hiari yako, na mimi sitaki kukutaabisha. Kazi ile ndiyo ilikuwa mahari ya binti yake.

Yaani ndoa ile na ajira ile zilifungwa katika mazungumzo mamoja. Mahari yako wewe imetajwa mbele ya mashahidi, kiasi chake na wakati wake. Bwana harusi akichelewesha, wazee watakaa kikao. Akikataa, kadhi yupo. Hakuna atakayekwambia una kelele, wala kwamba umechagua siku mbaya ya kudai. Ni haki yako, Allah amekupa. Basi ujira wa mwanamke anayekutandikia kitanda cha fungate nao ni haki, na Mola aliyekupa mahari ndiye atakayemdai aliyemnyima.

Na tusitazame hoteli tu. Harusi zetu wenyewe zina wapishi wanaokoroga masufuria ya biriani tangu usiku wa manane, waosha vyombo, wapambaji, vijana wa kubeba viti, na dada wa kazi anayehamishwa kutoka nyumba hii kwenda ile kwa wiki nzima bila kuulizwa. Wangapi kati yetu tumewaambia "njoo kesho utachukua chako," na kesho ikawa mwezi? Wangapi tumemkata mpishi pesa kwa sahani iliyovunjwa na mgeni? Hata sheria haimruhusu mwajiri kukata atakavyo: lazima kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira. Kule Ikola tulimkasirikia mhudumu kwa sababu kelele zake zilifanana na zile ambazo mpishi wetu hajathubutu kuzipiga.

Basi tufanye nini?

Tumekubaliana haya baina yetu, na tunakuombeni mjiunge nasi.

Kwanza, ukikuta mgomo, uliza kabla hujakasirika. Swali moja tu: "Mnadai nini, na tangu lini?" Jibu litakuonyesha nani wa kumkasirikia.

Pili, malalamiko yako yapeleke kwa mwenye mali, na yaseme jambo sahihi: "Nimekulipa. Walipe watu wako." Hilo ni la mgeni na lina uzito. Mwenye nyumba ambaye hasikii kilio cha mhudumu miezi mitatu husikia simu ya mgeni kwa dakika tatu. Tumeona kwa macho yetu.

Tatu, usimtaje mhudumu kwa jina wala kwa sura, wala usitake afukuzwe. Wewe una siku nne pale. Yeye ana maisha.

Nne, ukimpa bakshishi, mpe mkononi mwake. Na bakshishi isiwe kisingizio cha kunyamazia mshahara.

Tano, katika harusi yako, taja ujira wa kila mmoja mapema, uuandike, utenge fedha hiyo pamoja na mahari na nguo, na ulipe kabla hujapanda gari la kwenda kwa mumeo. Wapishi wale chakula cha walima wakiwa wamekaa, si makombo. Mtume (S.A.W.) alitufundisha tuwalishe wanaotutumikia katika kile tunachokula, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie.

Sita, likikufika la asubuhi bila chai, chota ndoo yako. Ndoo haijamuua bibi harusi yeyote.

Tulichangishana tukampelekea yule binti kiasi kidogo kupitia kwa bibi harusi wetu. Alipokea, akashukuru, akatuombea dua. Hakutulaumu hata kidogo, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Kazi hakuirudia. Sasa anaanika dagaa ufukweni kwa ujira wa siku, ziwa likiwa wazi. Ziwa likifungwa, hana.

Ewe Mola, tusamehe kwa simu ile tuliyoipiga. Mfungulie riziki iliyo bora kuliko ile tuliyomponza. Na utujaalie, pale mwenye haki anaposema kwa sauti, tuwe miongoni mwa wanaosogea kumsikiliza. Amin.